Breki zinapokataa katikati ya mizunguko: dalili, vyanzo na la kufanya

Kabla hujashika spana, jibu swali moja: ulipokanyaga breki, mguu ulikuta nini? Ulizama bila kukuta kitu, au uligota kwenye pedali ngumu huku gari likiendelea kwenda? Hayo ni maradhi mawili tofauti, na hela nyingi inayopotea magereji ya Nyakato na Mabatini, hapa Mwanza, inapotea hapo. Mtu mafuta yake ya breki yamechemka, anauziwa diski kubwa. Mwenzake pedi zimeungua, anatolewa upepo kwenye mabomba ya breki mara tatu na gari linarudi vilevile.

Haya yanawahusu wenye gari moja lenye kazi mbili: Jumatatu hadi Ijumaa linapanda Bugando na kula vumbi la Kisesa, mwisho wa wiki linakimbizwa kwenye uwanja uliofungwa au linavushwa Sirari kwenda kukimbizwa Kenya. Subaru Impreza, Forester ya turbo, Altezza, Mark X. Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana sana, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo cha kawaida kinatangulia.

Elewa kwanza kwa nini breki zilizo nzima mjini zinakufa uwanjani. Gari la kilo 1,300 likiwa kwenye kilomita 120 kwa saa lina nishati ya kilojuli 720 hivi. Kwenye kilomita 60 lina 180 tu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza linaongezeka mara nne, na uwanjani unalimwaga kila kona kabla la kona iliyopita halijatoka. Kwa hiyo kushuka Isamilo salama hakuthibitishi lolote kuhusu mzunguko wa tano.

Ukaguzi wote hapa chini ufanyike gari likiwa limepoa, kwenye sakafu tambarare, limekaa juu ya stendi. Mawe yamejaa mjini kwetu na wengi wanayatumia kama stendi. Usifanye hivyo. Jiwe linapasuka au linateleza bila taarifa, na wewe uko chini. Vumbi la pedi nalo usilipulize kwa kompresa; lifute kwa kitambaa chenye maji, lisiingie mapafuni.

Pedali laini, au inazama hadi chini

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na ndiyo inayoua.

Chanzo cha kwanza ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT ni alama ya daraja la mafuta, utaiona kwenye chupa. DOT 3 mpya kabisa inapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mbio yanapita 300 yakiwa mapya. Yakichemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Mguu unakwenda, nguvu haifiki kwenye pedi.

Kinachowadanganya watu ni kwamba gari likipoa pedali inarudi. Dereva anasema "imekaa sawa," anaingia tena. Haijakaa sawa. Maji yaliyosababisha mchemko bado yamo ndani ya mafuta, na safari hii yatachemka mapema zaidi. Pedali ikizama uwanjani hata mara moja, siku hiyo gari lisirudi kukimbia mpaka mafuta yabadilishwe na upepo utolewe.

Anza na ukaguzi rahisi. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki uangalie rangi. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, usiulize zaidi, badilisha. Rangi nzuri peke yake haitoshi. Mafundi wengine wana kipimo kidogo cha kalamu kinachoonyesha asilimia ya maji, na kinafaa kuwa nacho. Kwa gari la mjini mafuta hubadilishwa kila miaka miwili. Kwa gari linalokimbizwa, badilisha kabla ya kila msimu, na toa upepo kwenye kalipa kabla ya kila siku ya uwanja. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji miezi mitatu, hasa huku kando ya ziwa, imeshakunywa unyevu wake, haijalishi imeandikwa nini. Yaliyotoka kwenye gari usiyarudishe. DOT 5 usiiguse: jina linafanana na 5.1 lakini ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine.

Chanzo cha pili ni upepo uliobaki kwenye mabomba. Dalili yake ni kwamba pedali inapanda ukiipampu mara mbili tatu, na iko laini hata asubuhi gari likiwa baridi. Hapa kuna kosa moja linalojirudia kwa wanaofunga kalipa kubwa za mtumba: ya kushoto imefungwa kulia. Inaingia bila shida, boliti zinakubali, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini chungulia skrubu ya kutolea upepo. Lazima ikae juu kabisa ya kalipa, kwa sababu upepo hupanda juu. Ikiwa iko chini, utatoa upepo hadi jioni na kipovu kikubwa kitabaki palepale pa juu. Hamisha kalipa, tatizo limekwisha.

Kuhusu mfuatano wa magurudumu, fuata kitabu cha gari lako. Magari mengi ya Subaru mabomba yamegawanywa kimshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili, kwa hiyo ile kanuni ya "anza la mbali zaidi" haiko sahihi kila mahali. Na anayekanyaga pedali wakati wa kutoa upepo asiizamishe mpaka sakafuni kwenye gari la zamani. Huko chini ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, kuna kutu na uchafu ambao mipira haijawahi kuufikia, na ikifika inachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

Chanzo cha tatu ni masta silinda yenyewe. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, shikilia nusu dakika. Pedali ikishuka polepole chini ya mguu, na huoni mafuta yakivuja kwenye gurudumu lolote wala bombani, mipira ya ndani imechoka. Hilo si la kujaribia. Gari lisitoke hapo kwa kuendeshwa.

Vinavyobaki ni hozi za mpira zilizozeeka zinazovimba ukikanyaga (mwenzako akanyage, wewe uishike hozi kwa mkono), na kalipa kubwa zilizofungwa kwenye masta silinda ndogo ya asili. Bastola kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea, kwa hiyo pedali inakuwa ndefu bila ugonjwa wowote. Dawa yake ni masta inayolingana na kalipa, na kipimo hicho akipange fundi anayejua hesabu zake.

Pedali ngumu, gari halisimami

Mguu umegota, unasukuma kwa nguvu zote, na kona inakuja. Hapa mafuta ni mazima. Mkamato wa pedi na diski ndio uliopotea.

Karibu kila mara ni pedi kuzidiwa na joto. Pedi za kawaida za mjini zimetengenezwa zishike vizuri zikiwa baridi, na nyingi huanza kupoteza mkamato diski zinapopita nyuzi 350 hadi 400. Utasikia harufu kali ya kuungua, na gari likipoa breki zinarudi kidogo kidogo. Toa gurudumu uangalie uso wa pedi. Ukiwa unang'aa kama kioo, umeungua juu tu: sugua kwa msasa juu ya ubao ulionyooka mpaka mng'ao uishe, kisha zizoeshe upya. Pedi ikimeguka kingo, imekuwa nyeupe kwa majivu au imeachana na bati lake, itupe. Pima na unene. Mjini watu wanafika milimita 3 ndipo wanabadilisha. Uwanjani usiingie na pedi iliyopungua zaidi ya nusu, kwa sababu pedi nyembamba inapitisha joto moja kwa moja kwenye kalipa na kuchemsha mafuta, na hapo unakuwa na maradhi yote mawili kwa wakati mmoja.

Pedi mpya zinaweza kukusaliti kwenye mizunguko ya kwanza hata zikiwa bora. Gundi iliyomo ndani inatoa gesi ikipata joto kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana zinazoeshwa: kwenye eneo lililofungwa na salama, fika kilomita 100 kwa saa, punguza kwa breki za nguvu hadi 20 bila kusimama, rudia mara nane hadi kumi, kisha endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame na mguu juu ya pedali zikiwa na moto. Barabara ya uwanja wa ndege haifai kwa kazi hiyo. Kuna bodaboda, dagaa wanaanikwa pembeni, watoto wanavuka.

Pedi za mbio nazo zina gharama yake, na wauzaji hawaisemi. Zikiwa baridi hazishiki. Ukizifunga Jumamosi kisha Jumatatu asubuhi unashuka mteremko wa Bugando na watu wanavuka kwenda hospitali, kanyago la kwanza litakushtua. Ushauri wangu ni kuwa na seti mbili na kubadilisha. Kazi yake haizidi saa moja, na hakuna pedi ya bei yoyote inayofanya kazi zote mbili vizuri.

Sababu inayofuata ni busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu. Zima injini, pampu pedali mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Ikizama kidogo injini inapowaka, busta ni nzima. Isipozama, fuata hozi ya ombwe (mvuto wa hewa) kutoka kwenye injini: inaweza kuwa imepasuka au klipu imelegea. Kwenye injini za turbo angalia pia vali ya njia moja iliyomo kwenye hozi hiyo, maana ikifa, mgandamizo wa turbo unaingia kwenye busta mahali panapotakiwa ombwe.

Jambo moja kwa wenyeji wapya. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu yake. Busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini, na huku hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Gari lililoletwa kutoka Pwani litakuwa na pedali nzito kidogo. Hiyo ni hali ya mahali. Usikubali kuuziwa busta kwa ajili yake.

Mwisho, mafuta au grisi kwenye pedi kutokana na sili ya ekseli inayovuja au mkono mchafu wa fundi. Pedi iliyonyonya mafuta haifuliki. Badilisha pedi zote za ekseli hiyo, tibu uvujaji kwanza.

Pedali ndefu mara moja baada ya kona, kisha sawa

Ukipampu mara moja inarudi, ukitoka kona nyingine ngumu inarudia. Diski inayumba na kuzisukuma bastola ndani ya kalipa, kwa hiyo kanyago linalofuata linatumika kuzirudisha. Inua gari, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha. Usilizoee tatizo hili kwa kupampu; beringi iliyolegea kwenye kona za uwanja inaweza kuachia gurudumu.

Usukani unatetemeka ukifunga breki

Kila mtu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Dereva amemaliza mizunguko, diski zina moto mkali, ameingia maegesho na kusimama na mguu juu ya breki. Pedi imeacha tabaka la nyenzo yake mahali palepale ilipobana, na sasa kila diski inapozunguka pedi inapanda na kushuka.

Kwa hiyo kwanza jaribu kuzoesha pedi upya kama nilivyoeleza. Tabaka jembamba mara nyingi linaondoka. Lisipoondoka, toa diski usafishe kutu na mchanga kwenye uso wa habu, kitovu cha gurudumu, inapokaa. Chembe ndogo hapo inaiyumbisha diski nzima. Angalia nati za magurudumu. Zikikazwa kwa bunduki ya upepo, kila moja na nguvu yake, diski inavutwa upande. Kaza kwa spana ya kipimo, kimshazari, takriban Nm 100 kwa mengi ya magari haya, na uhakikishe kwenye kitabu. Kuchonga diski ni hatua ya mwisho: kila diski imeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, na ikiukaribia, nunua mpya. Diski iliyochongwa sana haina chuma cha kutosha kubeba joto la uwanjani.

Sasa suala la kuosha. Gari linatoka kukimbizwa, linapelekwa moja kwa moja kwa vijana wa kuosha magari, na maji ya presha yanapigwa kwenye rimu diski zikiwa bado na joto linalochoma mkono kwa mbali. Chuma kinachopozwa ghafla upande mmoja kinapinda na kupasuka. Baada ya mzunguko wa mwisho endesha mzunguko mmoja taratibu bila breki, egesha kwa gia bila handibreki ukiweka kabari kwenye tairi, subiri diski zipoe kabisa. Gari litaoshwa baadaye.

Diski iliyokimbizwa huwa na mikwaruzo midogo ya joto usoni, na hiyo ya juujuu inavumilika. Pitisha ukucha. Ukinasa kwenye ufa, au ufa umefika ukingoni au kwenye tundu, diski hiyo imekwisha leo.

Gari linavuta upande

Pima upepo wa matairi kwanza. Wengi wanaishia hapo.

Ukiwa sawa, endesha kilomita chache ukifunga breki kiasi, kisha pima joto la magurudumu mawili ya mbele kwa kipimajoto cha kuelekeza, au sogeza kiganja karibu bila kugusa. Gari huvuta kuelekea gurudumu linaloshika. Kwa hiyo likivuta kulia na kushoto ndiko kuna ubaridi, mgonjwa ni kushoto. Kwa vumbi letu, chanzo kikubwa ni pini za kalipa zilizokauka. Zitoe, zisafishe, paka grisi ya breki inayostahimili joto, badilisha mipira iliyochanika. Pedi ya ndani iliyoisha huku ya nje ikiwa nene mara nyingi ni ushahidi wa pini kunata. Kalipa za bastola pande zote mbili hazina pini za namna hiyo. Huko angalia mipira ya vumbi ya bastola kama imeungua na kama bastola zote zinasogea sawasawa.

Gari likivuta hata bila breki, au likiyumba huku breki ni nzima, mtafute mtu wa bushi na boljointi.

Gurudumu moja lina moto hata bila kufunga breki

Pini tena, au kebo ya handibreki isiyorudi. Zote mbili zikiwa nzima, kuna jaribio moja zuri. Inua gurudumu lililokwama, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo. Likiachia ghafla na kuzunguka, presha ilikuwa imenaswa: hozi ya mpira imeziba kwa ndani, au masta silinda hairudi hadi mwisho. Lisipoachia, bastola imeshikwa na kutu. Hozi zibadilishwe zote mbili za ekseli hiyo, ingawa nyingine inaonekana nzima kwa nje. Imezeeka pamoja na mwenzake.

Kelele, na taa ya ABS

Mlio mwembamba unaoisha ukikanyaga ni kile kibati cha onyo: pedi zinakaribia kwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, simama hapohapo. Ila mkwaruzo ulioanza ghafla baada ya njia ya vumbi mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la kinga. Miamba yetu inamwaga changarawe ngumu kila mahali. Rudi nyuma mita chache, wakati mwingine inadondoka yenyewe. Isipodondoka, sogeza bati kwa bisibisi uitoe kabla haijachimba diski.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga) baada ya matope: safisha sensa na meno yake nyuma ya gurudumu, angalia waya kama umekatika, hakikisha matairi yote yana kipimo kimoja. Breki za kawaida zitafanya kazi, lakini magurudumu yanaweza kufunga. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, gari lisiende popote.

Hapa weka spana chini

Mwite fundi wa breki, na gari libebwe, ukikuta pedali inashuka polepole ukiwa umeishikilia. Mafuta yanapungua na huoni yanakokwenda. Bomba la chuma limeliwa na kutu au limekunjwa. Boliti ya kalipa imeharibika uzi. Kitengo cha ABS kimeingia upepo, maana baadhi vinahitaji kompyuta kuutoa. Au umefanya yote hapo juu na dalili imebaki. Uwanjani, pedali ikibadilika kwa namna yoyote, inua mkono nje ya dirisha, punguza gia, toka kwenye njia ya wenzako.

Ukimpelekea fundi, usimwambie "breki mbovu." Mwambie pedali ilikuwa laini au ngumu, ilianza mzunguko wa ngapi, ilirudi ikipoa au haikurudi, gurudumu lipi lilikuwa na moto zaidi, mafuta yalibadilishwa lini na ni ya DOT ngapi. Pedi za zamani mpelekee pia, kila moja imeandikwa ilikotoka: kushoto au kulia, ndani au nje.